Pombe katika damu iliyokaa frizani miaka mingi: majibu yasiyoeleweka na vyanzo vyake

Mradi ulikwisha zamani, masanduku yamebaki frizani. Sasa kuna swali jipya: washiriki wale walikuwa wanakunywa pombe kiasi gani? Dodoso lipo, ila dodoso la pombe kila mtafiti analijua lilivyo. Damu nayo ipo. Vichupa vinatolewa, vinapimwa, na majibu yanarudi ya ajabu. Mzee wa kanisa ana kiwango cha mnywaji wa kila siku, mpenzi wa gongo anayejulikana mtaa mzima ana sifuri, na kichupa kimoja kilichopimwa mara mbili kimetoa namba mbili tofauti.

Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa maabara au mtafiti aliyefikia hapo. Msimamo wangu ni huu: kabla ya kumwita mshiriki mwongo, kihoji kichupa. Namba inayotoka kwenye damu ya zamani inabeba habari za mnywaji pamoja na habari za friza, na kazi yako ni kuzitenganisha.

Kabla ya kuyeyusha chochote: ndani ya kichupa kuna nini?

Kiashiria kinachotegemewa zaidi leo ni fosfatidiletanoli, ambayo maabara zote huiita PEth. Katika utando wa seli kuna kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi D. Kazi yake ya kawaida ni kukata lipidi kwa kutumia maji. Kikikuta etanoli, huitumia badala ya maji, na lipidi ngeni hubaki imejipachika kwenye utando wa seli nyekundu. Bila etanoli haiundwi. Mtu akiacha kunywa, kiasi chake hupungua nusu kila baada ya siku 4 hadi 10 hivi, kwa hiyo huonekana kwa wiki 2 hadi 4, na kwa mnywaji mkubwa zaidi ya hapo.

Angalia mahali inapokaa: kwenye seli nyekundu. Swali la kwanza basi ni kama seli hizo zilihifadhiwa. Miradi mingi, hasa ile iliyoanzishwa kwa ajili ya virusi au kingamwili, ilizungusha damu kwenye sentrifuji, ikachukua plazma au seramu, na seli zikatupwa. Kama ndivyo, PEth umeikosa na hakuna ufundi utakaoirudisha. Damu nzima ya mrija wa kofia ya zambarau, yaani yenye EDTA, kemikali inayozuia damu isigande, inafaa. Seli nyekundu zilizofungashwa peke yake zinafaa pia, mradi ukumbuke kwamba namba yake hailingani moja kwa moja na ya damu nzima. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi yanafaa, na nitayarudia baadaye.

Mwenye seramu peke yake asikate tamaa. Anaweza kupima CDT, yaani transferini, protini inayobeba chuma katika damu, iliyopungukiwa na asidi ya siali, pamoja na vimeng'enya vya ini. Na katika seramu au plazma, etili glukuronidi na etili salfeti, mabaki ya pombe yanayotengenezwa na ini, humwonyesha mtu aliyekunywa siku moja au zaidi kidogo kabla ya kutolewa damu. Ni dirisha finyu, lakini litatufaa sana mbele.

Dalili: PEth ni sifuri hata kwa waliokiri kunywa

Sababu ninayoikuta kwa watu wazoefu kabisa ni hii: damu nzima ikishayeyuka, mtu anaizungusha kwenye sentrifuji kwa mazoea, anachukua maji ya juu yaliyo safi, na kuacha mashapo chini. Baridi imeshazipasua seli nyekundu. Utando wao, ndio wenye PEth, hutulia chini ya kichupa kama machicha ya nazi. Ukichota juu, umechota himoglobini yenye rangi nzuri na kuacha ulichokitafuta. Damu nzima iliyoyeyushwa haizungushwi kabla ya kutoa lipidi. Inachanganywa kwa kugeuzwa polepole mara nyingi, kisha kutikiswa kwa mashine, na pipeti inachota mara tu baada ya hapo.

Kama uchanganyaji ulikuwa sawa, angalia dodoso kabla ya kuilaumu mashine. Maswali mengi ya pombe huuliza kuhusu mwaka mzima uliopita au miezi mitatu. PEth haijui habari za mwaka. Mtu aliyeacha miezi miwili kabla kwa sababu alianza dawa za kifua kikuu atajibu «ndiyo, nilikunywa mwaka huu» na damu yake itakuwa safi. Wote wawili wamesema kweli.

Halafu kuna upungufu wa damu, ambao kwetu si jambo la pembeni. PEth hupimwa kwa mililita ya damu nzima ilhali imo ndani ya seli nyekundu tu. Chukua watu wawili ambao seli zao zimebeba kiasi kilekile. Mwenye himatokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, ya 45% akipata nanogramu 36 kwa mililita, mwenye 25% atapata 20, yaani yuko kwenye kikomo chenyewe cha chini cha nanogramu 20. Mama mjamzito mwenye malaria na upungufu mkali wa damu anaweza kuonekana hanywi kwa hesabu tu. Himatokriti huwezi kuipima kwenye damu iliyogandishwa, kwa kuwa seli zimepasuka. Himoglobini jumla bado unaweza, na ninashauri uipime kwa kila kichupa. Itakuambia mambo mawili kwa pamoja: kama mtu alikuwa na upungufu wa damu, na kama ulichanganya vizuri. Kichupa ambacho himoglobini yake iko mbali sana na ile iliyoandikwa siku ya kutoa damu kina kasoro ya uchotaji au kimepoteza maji.

Mwisho, sifuri ya PEth si cheti cha kutokunywa. Mtu anayekunywa bia moja Jumamosi anaweza kukaa chini ya kikomo cha nanogramu 20 mwaka mzima.

Dalili: PEth iko juu kwa watu wanaosema hawanywi

Hapa ndipo penye vita, na ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Maelezo ya kwanza ni yale yale ya kawaida: watu huficha. Nchini Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mbarara na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipima PEth kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI vijijini na kuikuta katika damu ya baadhi ya waliokana kabisa kunywa. Sababu hazihitaji mganga. Mgonjwa ameambiwa kliniki kwamba mlevi hatapewa dawa mpaka abadilike. Au anahojiwa na muuguzi wanayesali naye msikiti au kanisa moja. Katika hali hiyo hata mimi ningesema sinywi.

Lakini maelezo hayo yanatufanya tuwe wavivu. Yako maelezo ya pili ambayo kwa damu ya zamani ni mazito kuliko watu wanavyodhani: PEth inaweza kuundwa ndani ya kichupa baada ya damu kutoka mwilini.

Mahitaji yote yamo. Kimeng'enya kipo, lipidi zipo, na kama mtu alifika kliniki akiwa bado na pombe mwilini, etanoli ipo. Kinachozuia ni baridi ya kutosha, na kosa kubwa ni kudhani kwamba -20 inatosha. Kwa nyuzi -20 damu inaonekana jiwe, ila si maji yote yameganda. Kinachobaki kimiminika ni kidogo na kizito, chumvi na etanoli zimejikusanya humo, na seli zimeshapasuka zikamwaga vilivyomo. Fosfolipesi D huendelea kufanya kazi katika hali hiyo. Damu yenye etanoli iliyokaa -20 imeonekana wazi kupandisha PEth. Kwa nyuzi -80 mchakato huo husimama, na PEth iliyokuwemo hubaki ilivyo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo usiulize tu «friza ilikuwa ya nyuzi ngapi?» Uliza historia nzima. Damu ilitolewa kituo cha afya, ikakaa kwenye friza ya kawaida kwa siku ngapi kabla gari la mradi halijapita? Friza hiyo ilikuwa ya aina inayojiyeyushia barafu yenyewe? Hizo hupanda na kushuka joto kila siku, na ni adui wa sampuli yoyote. Umeme ulikatika lini, na jenereta iliwashwa baada ya saa ngapi? Friza ya -80 iliyofikia -20 na kukaa hapo wikiendi nzima imegeuka kuwa friza ya -20, hata kama Jumatatu kioo chake kinasoma -80 tena. Daftari la joto likiwa na mistari iliyojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja mwezi mzima, sote tunajua maana yake. Tafuta kumbukumbu za kifaa cha kielektroniki kama kipo, au ratiba ya mgao wa umeme wa mwaka ule.

Sasa, namna ya kuamua kwa sampuli iliyo mkononi.

Pima etanoli katika kichupa hichohicho. Ikiwemo, na sampuli imewahi kukaa -20 au juu zaidi, PEth yake haiaminiki kwa upande wa juu. Ikiwa haimo, usishangilie bado: etanoli huruka, na kifuniko cha miaka kumi hakibani kama kipya. Ndipo tunaporudi kwenye etili glukuronidi na etili salfeti. Hizi haziruki. Ini ndilo huzitengeneza, hazitokani na fosfolipesi D ya kichupani, hivyo zikionekana zinakuambia kwamba mtu huyu alikuwa amekunywa karibu na saa ya kutolewa damu, na huenda etanoli iliingia kichupani pamoja na damu. Zisipoonekana kabisa, na PEth iko juu, basi nafasi ya kuundwa kichupani ni ndogo sana. Hapo una haki ya kuamini kwamba PEth ilitoka mwilini. Mpangilio huu wa vipimo vitatu ndio ninaoutegemea kuliko hoja nyingine yoyote.

Wengine hutazama uwiano wa aina za PEth. Namba za aina hizo hutaja asidi za mafuta zilizomo. Aina kuu ni 16:0/18:1, na inayofuata ni 16:0/18:2, ambayo huundwa haraka na kutoweka mapema zaidi. Ya pili ikizidi kwa namna isiyo ya kawaida, ama mtu alikunywa karibuni sana au imeundwa kichupani. Ni dokezo, si ushahidi. Mimi hulitumia kuchagua sampuli za kurudia, basi.

Kama una mashaka na friza yako kwa jumla, fanya jaribio dogo. Chukua damu ya EDTA ya mtu asiyekunywa, iliyopimwa na kuonekana haina PEth. Ongeza etanoli ifikie gramu 1 kwa lita. Igawe vichupa, vingine viende -80, vingine -20, na seti nyingine isiyo na etanoli iwe mlinganisho. Pima siku ya kwanza, kisha baada ya wiki moja na baada ya mwezi. Ni jaribio la gharama ndogo, na litamaliza ubishi wa mikutano mingi.

Yapo mengine ya kuondoa mezani. Mtu aliyeongezewa damu hivi karibuni hubeba seli za mchangiaji, na PEth ya mchangiaji imo ndani yake. Katika wodi za wazazi na za watoto wenye malaria kali hili litazamwe kwenye faili. Lebo: gundi ya karatasi ya kawaida huachia kwenye -80, na maandishi ya kalamu ya rangi hufutika mtu akipangusa barafu kwa spiriti. Ukiona sanduku lenye vichupa viwili visivyo na lebo na lebo mbili chini yake, usibahatishe. Kipimo cha vinasaba cha jinsia hukamata angalau sehemu ya vichupa vilivyobadilishana. Na kwenye mashine yenyewe, PEth ni lipidi inayonata. Sampuli ya juu huacha mabaki yanayoingia kwenye inayofuata. Pitisha sampuli tupu baada ya kalibreta (sampuli yenye kiasi kinachojulikana) ya juu kabisa, na ukiona mlima mdogo kwenye mchoro hapo, majibu ya chini yaliyofuata sampuli za juu yarudiwe.

Dalili: sampuli moja, namba mbili

Maabara mbili zikitofautiana, kwanza ulizia vizio vya kipimo. Uswidi huandika kwa mikromoli kwa lita, Marekani kwa nanogramu kwa mililita. Mikromoli 1 kwa lita ya PEth 16:0/18:1 ni nanogramu 703 kwa mililita, kwa hiyo 0.30 ya Uswidi na 210 ya kwingine ni jibu moja. Nimeona mabishano makali yakiishia hapa.

Kama vizio ni vilevile, shuku uchanganyaji tena, halafu upotevu wa maji. Kichupa kilichojazwa robo, chenye kifuniko kilicholegea, hukauka taratibu hata kikiwa kimeganda. Theluji nyeupe ndani ya kifuniko ndiyo maji yako. Damu au seramu iliyobaki huwa nzito na kila kiashiria hupanda. Kwa seramu pima protini jumla; ikiwa juu kuliko binadamu wa kawaida anavyoweza kuwa nayo, umepata jibu.

Mashine nayo, ile inayotambua molekuli kwa uzito wake, ina mtego wake. PEth 16:0/18:1 hufuatwa kwenye masi 701.5 ikivunjika kuwa 281, na aina ya 18:2 kwenye 699.5 ikivunjika kuwa 279. Sehemu ndogo ya 18:2 ina atomi mbili za kaboni nzito, nayo huonekana kana kwamba ni 18:1. Kolamu, yaani bomba linalotenganisha lipidi kabla hazijapimwa, ikizitenganisha vizuri hakuna tatizo. Kolamu ikichoka, milima miwili ikaanza kugusana, namba huanza kuyumba bila onyo. Hakikisha pia kiwango cha ndani chenye deuteriamu, yaani kiasi kinachojulikana cha PEth iliyofanywa nzito, kinawekwa kabla ya kutoa lipidi. Ukikiweka mwishoni hakikuambii chochote kuhusu kilichopotea njiani.

Kugandisha na kuyeyusha mara chache PEth huvumilia vizuri. Si ruhusa ya kuacha damu mezani mchana kutwa katika joto la Dar es Salaam au Mombasa: ikiwa kuna etanoli huundwa zaidi, ikiwa hakuna huanza kupungua siku zinavyokwenda.

Dalili: CDT iko juu kwa watu wengi mno, au mchoro una umbo la ajabu

CDT huhitaji unywaji mzito: gramu 50 hadi 80 za pombe safi kwa siku, mfululizo wa wiki moja mbili. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20, kwa hiyo hapa tunazungumzia chupa tatu nne kila siku. Kundi zima la washiriki likivuka kikomo, ambacho kwa njia ya kromatografia ni karibu 1.7% ya disialotransferini (transferini yenye asidi mbili tu za siali), usiandike makala bado.

Tazama mchoro wenyewe, si asilimia tu. Transferini ina maumbile tofauti ya kurithi. Wengi duniani wana aina C, lakini aina D, ambayo hujitenga mahali pengine kwenye mchoro, ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko Ulaya. Njia za zamani zilizotenganisha kwa chaji bila kuonyesha mchoro ziliweza kumhesabia mwenye C na D pombe asiyoinywa. Kwa sampuli za Afrika Mashariki mimi nisingekubali jibu la CDT lisilo na mchoro. Upungufu wa madini ya chuma na ujauzito pia huipandisha, na ugonjwa mkali wa ini huvuruga kila kitu.

Aina ya mrija ina neno hapa. Kabla ya kupima, transferini hujazwa chuma ili ionekane kwa usawa. EDTA hunyakua chuma hicho. Plazma ya kofia ya zambarau basi hutoa mchoro uliovunjika vipande, na wengi hudhani ni ugonjwa wa kurithi. Tumia seramu. Seramu iliyo nyekundu kwa sababu seli zilipasuka kabla ya kutenganishwa hufunika mchoro kwa himoglobini, kwa hiyo iandike kuwa haifai.

Baridi yenyewe CDT huistahimili vyema kwa miaka. Kinachoiharibu ni bakteria walioingia kabla ya kugandishwa au wakati wa kuyeyushwa: baadhi yao wana kimeng'enya kinachong'oa asidi ya siali, na transferini ya mtu asiyekunywa hugeuka kufanana na ya mlevi. Seramu iliyokaa siku mbili kwenye benchi la zahanati ndiyo ya kushuku.

Dalili: etanoli imetoweka, au imezuka

Kutoweka kumeshaelezwa: huruka, na himoglobini yenye oksijeni huioksidisha pole pole damu ikikaa kwenye joto. Kuzuka ndiko kunakoshtua. Hamira kama Candida albicans na bakteria kadhaa hugeuza sukari ya damu kuwa etanoli, hasa sampuli ikiwa haina floraidi ya mrija wa kofia ya kijivu. Damu ya maiti na damu iliyotolewa kwa shida na uchafu ndizo hatari zaidi. Uliza pia ngozi ilipanguswa kwa kitu gani kabla ya sindano.

Etanoli ya kuzuka kichupani haina etili salfeti pembeni yake. Ndiyo maana, ukilazimika kuchagua moja kati ya etili glukuronidi na etili salfeti kwa sampuli zenye mashaka ya bakteria, chagua salfeti. Glukuronidi inaweza kuliwa na Escherichia coli, na imeonekana kwenye mkojo kwamba, pakiwepo etanoli, bakteria huyo anaweza hata kuitengeneza.

Neno moja kuhusu pombe za kienyeji, kwa sababu swali hili huja kila mara. Busaa, mbege, mnazi, ulanzi, waragi, chang'aa: PEth haijali ilipikwa wapi wala kwa kitu gani, etanoli ni etanoli. Isipokuwa haitakuambia kama kulikuwa na methanoli. Ukiwa unachunguza vifo vya pombe yenye sumu, PEth si kipimo chako.

Vimeng'enya vya ini na ukubwa wa seli

Nitapita haraka. Ukubwa wa seli nyekundu haupimwi kwenye damu iliyogandishwa, seli hazipo tena. Tafuta karatasi ya picha kamili ya damu ya siku ile. Hata ukiipata, kumbuka kwamba zidovudini hukuza seli kama pombe, na kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya dawa za wagonjwa wengi wa virusi vya UKIMWI. Kati ya vimeng'enya vya ini, GGT huvumilia friza vizuri, lakini hupandishwa na efavirenzi, dawa nyingine ya virusi hivyo, na dawa za kifafa kama fenitoini. ALT hupoteza nguvu kwa -20, kwa hiyo uwiano wa AST kwa ALT, ambao wengi huutumia kama alama ya pombe, hupanda wenyewe kwa sababu ya friza mbovu. Seli zilizopasuka nazo huongeza AST. Kwa sampuli za zamani uwiano huo mimi siugusi.

Kadi za damu kavu

Kadi iliyokauka vizuri na kufungwa pamoja na vikausha unyevu hutunza PEth vyema. Matatizo hutokea mwanzo na mwisho. Wakati wa kukauka, damu yenye etanoli bado huunda PEth, kwa hiyo kadi ikauke haraka, mahali penye hewa, mbali na chupa ya spiriti iliyo wazi na mikono iliyopakwa dawa ya pombe. Kwa sampuli mpya, baadhi ya maabara huweka chumvi ya vanadeti ya sodiamu ili kukizuia kimeng'enya. Kwa kadi za zamani ukaguzi ni wa macho: doa lenye pete, doa lililogusana na lingine, kadi iliyopata ukungu. Kumbuka pia himatokriti. Damu nyepesi husambaa zaidi kwenye karatasi, na kipande unachokata kinakuwa na damu kidogo kuliko unavyodhani.

Zikisafirishwa nje

Barafu kavu iko -78.5 na huisha. Mwombe mpokeaji aandike uzito wa barafu iliyobaki na joto la kifaa cha kumbukumbu kabla hajafungua sanduku, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayekumbuka. Sampuli za nusu ya kwanza ya mradi zisisafiri peke yake. Changanya za wanywaji na wasio wanywaji katika kila sanduku, ili hitilafu ya safari isijifanye tofauti ya watu. Vibali vya kutoa sampuli nchini, vya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa Tanzania kwa mfano, huchukua muda, na fomu ya ridhaa ya zamani isomwe upya: kama ilisema damu ni ya utafiti wa malaria tu, kamati ya maadili ndiyo itakayosema kama pombe inaruhusiwa.

Jibu la kuandika

Usiweke safu moja ya PEth na kuiachia takwimu ijitetee. Kando ya namba andika aina ya sampuli, historia ya joto kwa kadiri inavyojulikana, etanoli, etili salfeti, na himoglobini. Kisha amua kwa kufuata mwelekeo wa kosa. Kuundwa kichupani huongeza tu, hakupunguzi. Kwa hiyo sampuli iliyopitia -20 ikiwa na etanoli na bado ikaonyesha chini ya 20, iliyochanganywa vizuri na isiyokaa kwenye joto, itumie. Kama kuna kosa, kweli iko chini zaidi. Iliyoonyesha 250 katika hali hiyohiyo, na etili salfeti ikiwemo, iondoe kwenye kundi la wanywaji wakubwa, lakini usimhamishie mtu huyo kwa wasiokunywa, kwa kuwa etili salfeti yake imeshathibitisha kwamba alikunywa. Andika «alikunywa, kiasi hakijulikani». Na iliyokuwa -80 tangu siku ya kwanza, isiyo na etanoli wala etili salfeti, ikatoa 250, hiyo ihesabu kama ilivyo, hata dodoso likisema nini.